Dobi Aliyesema Bado

Wasikilizaji wapendwa, leo kiti hiki cha studio kimenishinda. Fundi mitambo ananionyesha kwa mkono nitulie, maana kila nikijigeuza kinalia, na nyinyi huko mnasikia. Nisameheni. Nina mtu wa kumkumbuka, na mtu mwenyewe hakuwa wa kutulia.

Tunamkumbuka dobi. Narudia kwa wale waliofungua redio sasa hivi: tunamkumbuka mama mmoja dobi, mfuaji na mpiga pasi, aliyezikwa Alhamisi iliyopita. Nyumbani aliitwa Shangazi. Kanisani aliitwa Bado. Mtu mmoja, majina mawili, na yote mawili aliyafanyia kazi.

Mimi nilikuwa mteja wake. Mashati yote ninayovaa nikija hapa kuzungumza nanyi yamepita mikononi mwake. Siku ya kwanza alipojua kazi yangu aliweka pasi pembeni akanitazama kutoka juu mpaka chini.

“Yaani unavaa shati lenye wanga kwenda kuongea na watu wasiokuona?” akaniuliza. “Kaka, una imani kuliko mimi.”

Alifanyia kazi chumba cha mbele cha nyumba yake, mlango wazi kuelekea barabarani. Meza ndefu iliyofunikwa blanketi kuukuu, upande mmoja limeungua rangi ya kahawia. Pasi ya umeme yenye waya uliozungushiwa kitambaa. Chini ya meza, pasi ya mkaa, kwa siku ambazo umeme umekwenda zake. Na dirishani Biblia, imefunguliwa, kurasa zimeshikwa na kibanio cha nguo ili upepo usizigeuze. Alipiga pasi mgongo wa shati, akaenda dirishani, akasoma mstari mmoja. Akarudi, akapiga mkono wa kushoto. Akaenda tena dirishani. Siku nzima hivyo, meza na dirisha, dirisha na meza. Mpaka sakafu ya hapo katikati ilikuwa imelika rangi.

Nilimwambia, “Shangazi, si ukae usome ukurasa mzima mara moja?”

“Nikikaa nalala,” akasema. “Na nikilala nitaota nimeelewa.”

Alikuwa Mmennonite. Narudia, Mmennonite. Mimi si mmoja wao, kwa hiyo nitaeleza kama alivyonieleza yeye, na nikikosea nawajua nyinyi, simu zitaita tu. Alisema kwao hakuna mtu mmoja anayeisoma Biblia akaimaliza kwa niaba ya wenzake. Mchungaji anasoma, ndiyo. Anahubiri, ndiyo. Lakini neno linabaki mezani mpaka wote walishike. Na wanalishika kwa namna yao: kila andiko, liwe la vita vya zamani, liwe la mfalme gani, linapelekwa kwanza kwa Yesu, kwa alivyosema na alivyoishi. Lisipokaa vizuri mbele yake, hawalitupi, lakini hawalifanyi amri. Na jambo la tatu, ambalo alilisema huku akininyooshea kibanio cha nguo: “Usipolitenda, hujalielewa. Hata kama umelikariri.”

Katika kanisa lao, na sisemi Wamennonite wote wako hivi, nasema kanisa lile lao, mahubiri yakiisha watu wanasimama na kugeuza mabenchi. Yalitengenezwa mepesi makusudi na fundi seremala, mzee wa kanisa, ili watu wawili wayainue bila kupiga kelele. Wanayapanga yatazamane. Kisha kila mwenye neno analisema. Mwishoni mchungaji anauliza, “Tumeelewana?” Wote wakinyamaza, limekwisha, kanisa litaliishi. Mtu mmoja tu akisema bado, andiko linasomwa tena Jumapili inayofuata.

Sasa mmejua jina lile lilitoka wapi.

Dada yake mkubwa anasali kanisa jingine. Nilimkuta msibani, ameketi kwenye mkeka, akaniambia, “Sisi kwetu tukiambiwa imekwisha, tunakwenda kula. Mdogo wangu aliwachelewesha watu chakula maisha yake yote. Nilimwambia, mwanamke wewe, Mungu mwenyewe alipumzika siku ya saba.” Akacheka. Halafu akafunika uso kwa khanga.

Wasikilizaji wapendwa, niingie kwenye jambo lenyewe, maana naona ninalizunguka.

Shangazi hakuzaa. Alimlea mtoto wa kaka yake tangu mtoto huyo hajajua kufunga kamba za viatu. Akakua, akawa mwanaume mrefu wa maneno machache, akatafuta kazi huku na huko mpaka akapata. Akawa mlinzi wa ghala. Mlinzi mwenye bunduki. Shikeni hapo: mpwa wake, aliyemlea, akawa mlinzi mwenye bunduki, na sare yake ya bluu alikuwa akiipiga pasi shangazi yake.

Kisha yule kijana akaomba ubatizo.

Wamennonite hawabatizi watoto wachanga. Wanabatiza mtu mzima aliyesema mwenyewe kwamba anataka kumfuata Yesu, na anajua anachokisema. Kijana akasimama mbele ya kanisa akalisema. Na Wamennonite, tangu babu wa babu zao wa imani, wanashikilia kwamba mfuasi wa Yesu haui, wala hajiandai kuua. Kwa hiyo mnaona. Mabenchi yakageuzwa.

Fundi seremala ndiye alianza. Ni mtu mkavu, sauti yake ina misumari. “Bwana alimwambia Petro arudishe upanga alani. Alimwambia rafiki yake, aliyekuwa akimtetea yeye mwenyewe. Mimi sioni kona hapo.”

Kijana akajibu kwa heshima. “Mzee wangu, askari walimwendea Yohana kule mtoni wakamwuliza wafanye nini. Hakuwaambia waache kazi. Aliwaambia wasionee watu, waridhike na mshahara. Mimi sijamwonea mtu. Hiyo ya kuridhika na mshahara ndiyo inanipa shida.”

Watu wakacheka, hata mchungaji. Lakini mchungaji akasema, “Yohana alikuwa anatengeneza njia, mwanangu. Sisi tunamfuata aliyepita kwenye njia hiyo, na tunajua alipita bila silaha.”

Mama mmoja akakumbusha habari za yule akida aliyebatizwa na Petro bila kuulizwa upanga umewekwa wapi. Mwingine akasema hatujaambiwa kesho yake yule akida aliamkia wapi. Yakaenda, yakarudi. Jumapili moja, Jumapili ya pili, wiki zikaongezeka. Mwishowe kanisa likaona njia: kijana anapendwa, kijana ni wetu, lakini asubiri. Siku atakapoweka chini bunduki, maji yako tayari.

“Tumeelewana?” mchungaji akauliza.

Macho yote yakamgeukia Shangazi. Kila mtu alijua atamtetea mtoto wake. Na kijana naye alimtazama, akangoja. Nakuambieni, Shangazi aliponisimulia hapo hata mimi nilisogea mbele kwenye kiti.

Shangazi akasimama. “Mimi nakubaliana na fundi,” akasema. “Bunduki na ubatizo havikai mkono mmoja.”

Kijana akainamisha kichwa.

“Lakini bado,” akaendelea. “Sare yake nani anaipiga pasi? Mimi hapa, na pesa yake ndiyo sukari yangu. Ghala analolilinda lina nini ndani? Lina mbao za fundi seremala. Usiniangalie hivyo, fundi, nimeziona. Bunduki ile inalinda mbao zako wewe, mzee wa kanisa, na wewe unalala usingizi. Tumesoma andiko wote, halafu tumempa yeye peke yake alibebe. Huko siko kusoma kwetu. Kama yeye anasubiri, na mimi nasubiri.”

Akainua mkoba wake, akaenda benchi la nyuma, akakaa na kijana.

Wasikilizaji wapendwa, wengi walidhani ni hasira za siku moja, zitapoa na chai. Hazikupoa. Ilipofika siku ya Meza ya Bwana, Shangazi hakuisogelea. Na kwao, kabla ya mkate na kikombe, watu huoshana miguu, wanawake kwa wanawake, wanaume kwa wanaume, beseni na taulo, kama Yesu alivyowaosha wanafunzi wake. Yeye ndiye alikuwa akifua taulo zile. Alizifua zikawa nyeupe, akazipiga pasi, akazikunja, akazileta. Halafu akakaa nyuma, mikono mapajani, akitazama wengine wakiinamiana. Hakuosha wala hakuoshwa, wala hakula. Mara ya kwanza, mara ya pili. Miaka ikapita hivyo.

Msidhani alifurahia. Dada yake anasema alikuwa akirudi siku hizo anafua vitu visivyo vichafu. “Alifua mapazia yangu niliyoyatundika juzi,” dada anasema. “Nikamwuliza una nini, akasema, nina njaa.”

Na msidhani alikuwa mtakatifu wa kwenye picha. Wiki moja aliamua hataki kuigusa tena sare ile. Akaiacha kwenye kikapu ilivyo, imekunjamana. Kijana akaenda nayo hivyo kazini, msimamizi akamrudisha nyumbani, siku ikapotea na mshahara wake. Kijana akasimama pale mlangoni, bado amevaa yale makunyanzi.

“Shangazi,” akasema, “umeniadhibu mimi. Bunduki imebaki kazini, inakula kivuli.”

Shangazi akawasha pasi. Akamwambia vua. Akaipiga pasi pale pale, na tangu hapo aliendelea. Nilimwuliza, sasa si unarudi ulikotoka? Akanijibu kwa ukali, “Naipiga pasi huku nagombana nayo. Wewe unataka nimalize leo ili upate la kusema redioni?” Nilikuwa nalitaka, kweli.

Fundi seremala naye aliacha kupeleka nguo kwake. Akawa anapita upande wa pili wa barabara, shati limekunjamana, anatazama mbele kama farasi wa mkokoteni. Ukimtazama shati unajua ugomvi umefika wapi. Halafu siku moja, bila kumwambia mtu, akakodi gari, akahamisha mbao zake zote kutoka ghalani, akazipanga uani kwake, nyuma ya ukuta ambao hata mbuzi angeuruka.

Mnajua kilichotokea. Zikaibiwa. Si zote, lakini zile nzuri.

Jumapili hiyo mabenchi yalipogeuzwa, fundi alisimama, na watu wakajiandaa kwa mvua ya mawe. “Nimeibiwa,” akasema. “Nina hasira mpaka meno yananiuma. Na ninamjua aliyeiba, namwona amebeba kichwani mbao zangu za mninga, mlango ambao bado haujawa mlango. Lile neno la anayetaka kanzu yako mwachie na joho, nimelisoma tangu ujana. Nataka kuwaambia, jana ndiyo nimelisoma kwa mara ya kwanza, na silipendi.” Akakaa chini. Shangazi, kule nyuma, alitoa leso akapangusa macho, na Jumatatu akatuma mtu kwenda kuchukua mashati ya fundi. Alitaka kuyafua bure, lakini fundi akalipa kwa nguvu.

Kijana je? Kijana aliomba kazini ahamishiwe lango la nje, mahali pa kushika filimbi na daftari la magari, bila silaha. Akaambiwa asubiri. Akaomba tena, akaambiwa mshahara wa pale ni mdogo, na yeye ana mke na mtoto. Akarudi nyumbani akafikiri. Narudia, ili tusimpake rangi asiyokuwa nayo: alirudi akafikiri, na akaendelea kuibeba bunduki ile. Shangazi alijua. Walikaa benchi moja.

Kisha kifua chake kikaanza. Mvuke wa pasi, moshi wa mkaa, miaka yote ile. Mwanzoni alipumzika kati ya meza na dirisha. Baadaye tukakuta kiti kimewekwa pale katikati, na yeye hakuwa mtu wa kiti. Mwishowe akalazwa kitandani kwake, na Biblia ikahamia kwenye mto, kibanio juu yake.

Alasiri moja mlango ukabishwa. Ni fundi seremala, kofia mkononi, na kwapani beseni la kanisa na taulo. Nyuma yake mchungaji na mkewe. Kijana alikuwa ametoka zamu, bado na sare, bado na mabuti. Nasimulia kama alivyonisimulia yeye.

Fundi akasema, “Dada, tumekuja tukuoshe miguu. Mama mchungaji ataosha. Mimi nimebeba maji tu.”

Shangazi akatikisa kichwa. Pumzi zilikuwa chache, akazitumia kwa hesabu. “Anzeni na huyo,” akasema, akimwonyesha mpwa wake.

Kijana hakuwa amebatizwa. Kwa desturi yao, wanaooshana ni ndugu waliokwisha kupita majini. Fundi seremala akatazama mabuti yale meusi. Akatazama beseni. Kisha, mzee yule, magoti yake yakilia kuliko kiti changu hiki, akapiga magoti sakafuni.

“Vua,” akamwambia.

Kijana anasema alitaka kukimbia. Miguu ilikuwa inanuka zamu nzima. Akavua. Fundi akaosha mguu wa kulia, akaosha wa kushoto, kwa ile mikono yake ya randa. Akachukua taulo, akakausha, akainua uso kumtazama Shangazi kitandani, kama mwanafunzi aliyemaliza mtihani.

Shangazi akanyoosha shingo kukagua.

“Bado,” akasema. “Hujakausha katikati ya vidole.”

Wakacheka wote, mpaka mama mchungaji akakaa chini. Na kijana, mtu mzima, amevaa sare, alilia kwa sauti.

Kisha Shangazi mwenyewe akaoshwa. Na mchungaji akatoa mkate na kikombe alivyokuja navyo. Miaka yote ile, wasikilizaji wapendwa. Mkate ukawa mbele yake. Akautazama. Akauliza, “Na yeye?”

Mchungaji akasema taratibu, “Hajabatizwa, mama.”

“Basi niwekee,” akasema Shangazi.

Alifariki kabla ya Jumapili. Narudia, maana hata mimi nimelisema mara nyingi na halijanikaa: alifariki kabla ya Jumapili, na hakula.

Nimegombana na jambo hili wiki nzima. Kuna saa nasema alikuwa mkaidi, angekula tu, Mungu si karani. Kuna saa nasema ni sisi wengine tunaokula haraka mno. Fundi mitambo ananiambia chagua moja, muda unakwenda. Sichagui.

Lakini Jumapili baada ya mazishi nilikwenda kanisani kwao. Mgeni, nyuma kabisa. Kijana akaingia na sare yake, anatoka zamu. Na kila mtu aliyekuwa mle ndani aliona kitu kimoja. Suruali ilikuwa na mistari miwili ya pasi. Mstari wa zamani na mstari mpya pembeni yake, uliopinda, na karibu na goti alama ya kahawia ya pasi iliyokaa mno. Alikuwa ameipiga pasi mwenyewe. Kwangu, hapo ndipo Shangazi alipokufa. Kaburini nilistahimili, hapo sikuweza.

Baadaye aliniambia, “Nilipoishika pasi ile ndipo nikajua alikuwa anashika nini.” Ameandika kazini kwamba apewe lango la filimbi, au aache. Hajajibiwa. Anaogopa, na mkewe anaogopa zaidi.

Mabenchi yakageuzwa. Kijana akaelekea nyuma, mahali pao pa siku zote. Fundi seremala akasogea kwenye benchi lake la mbele, akapigapiga mbao pembeni yake kwa kiganja. “Pita hapa,” akasema. Kijana akapita, akakaa. Likasomwa andiko lile la upanga na ala. Watu wakasema waliyonayo. Mwishoni mchungaji akauliza swali lao. “Tumeelewana?”

Kimya. Kila mmoja alikuwa anamsikiliza mtu asiyekuwepo. Feni ikazunguka. Nilidhani basi, wamekwisha, sasa wataelewana kwa kuchoka.

“Bado,” akasema fundi seremala.

Kwa niaba ya redio hii, natoa pole kwa dada mkubwa wa marehemu, kwa mpwa wake na mkewe na mtoto wao, kwa mchungaji, kwa fundi, na kwa kanisa lote lile lenye mabenchi mepesi. Pole pia kwa wateja wake. Nguo zenu zilizobaki ziko kwa dada yake, zimekunjwa, kila moja na kibanio chake. Na wewe unayenisikiliza, uwe wa kanisa lipi au usiwe wa lolote, fikiri kidogo leo: ni neno gani gumu ulilolisoma vizuri kabisa, halafu ukampa mwingine alibebe?

Mimi shati nililovaa leo ni la mwisho alilolipiga pasi. Nimekaa wima tangu kipindi kianze, sitaki likunjamane. Na pale kanisani, mwisho wa ibada, niliona sahani mezani imefunikwa taulo nyeupe. Nilimwuliza mchungaji kuna nini humo ndani. Akaniambia, mkate, vipande viwili.